Tangi la Shule na Madumu ya Klabu: Shajara ya Mradi, Januari hadi Mei

Jumanne, 13 Januari

Mwaka mpya, kengele ile ile. Rais wa klabu yetu ya Rotary, klabu ya watu wa kujitolea, amefungua kikao tukiwa wachache, na sababu kila mzazi anaijua: shule zimefunguliwa, na Januari haina huruma na mifuko. Sajenti, msimamizi wa nidhamu ya vikao, amekusanya faini zake bila kujali hali ya uchumi. Simu iliyolia katikati ya sala, mwanachama aliyekuja bila pini ya klabu, na mweka hazina aliyeonekana sokoni na gari jipya asimwambie mtu. Zote zimeingia kwenye kisanduku cha mradi.

Mradi wenyewe ndio ulikuwa ajenda kubwa. Ni shule ya msingi iliyo juu kidogo ya Maji ya Chai, mkoani Arusha, pembeni ya barabara inayopanda kwenda Ngurdoto. Mgeni akisikia klabu ya Rotary ina mradi wa maji hudhani watu hawana maji. Pale maji yapo, tena yanatiririka mwaka mzima kutoka mlimani, maangavu, matamu mdomoni. Shida ni kilichomo ndani yake na kisichoonekana. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake inayeyusha madini yaitwayo floraidi ndani ya chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4 kwa sababu vyanzo vingi vya ukanda huu visingefaulu kabisa, baadaye nayo ikashuka hadi 1.5. Sampuli ya bomba la shule tuliyoipeleka maabara kabla ya Krismasi imerudi ikiwa imevuka kiwango hicho mara kadhaa. Hatukushangaa. Ukipanda kidogo hadi maziwa ya Momella, ndani ya hifadhi, utakuta maji yenye mamia ya miligramu.

Matokeo yake kila anayeishi huku anayajua: meno ya kahawia, mengine yamechimbika kama yaliyopigwa patasi, na kwa baadhi ya watoto miguu iliyopinda. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo unakunywa kali zaidi.

Waliokosa kikao wametumiwa ujumbe. Mzee wetu wa gereji yuko hospitalini kwa goti. Kamati ya ustawi itamtembelea Jumamosi.

Jumanne, 20 Januari

Mjadala wa leo ulichukua muda wote hadi chakula kikapoa. Njia zilizokuwa mezani ni tatu.

Ya kwanza, kisima kirefu. Inapendwa na wengi kwa sababu kisima kinaonekana, kina bango, kina picha. Ila kuchimba huku ni bahati nasibu: unaweza kutoboa mita nyingi ukakuta maji mabaya kuliko ya bomba.

Ya pili, chujio la mkaa wa mifupa. Hili si jambo geni kwetu. Kituo cha Utafiti wa Kuondoa Floraidi cha Ngurdoto kiko jirani kabisa na wamelifanyia kazi miaka mingi: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri, inapondwa kuwa chenga, na chenga hizo zinakamata floraidi maji yanapopita. Inafanya kazi vizuri. Lakini chenga zinachoka, lazima zibadilishwe, na kabla ya kubadilisha lazima mtu apime. Kwa kaya moja yenye mama makini, safi. Kwa shule ambayo mwalimu wa afya anahamishwa kila baada ya miaka miwili, mimi nina wasiwasi, na niliusema.

Ya tatu, mvua. Mvua haina floraidi ya kutisha mtu. Inahitaji paa, magata, yaani mifereji ya ukingoni mwa paa, na tangi. Haipendezi kwenye picha.

Mwanachama mmoja mwenye uzoefu wa kuandika maombi ya fedha akasimama na hoja iliyochangamsha kikao. Ruzuku ya kimataifa ya Mfuko wa Rotary huanzia bajeti ya dola 30,000, na mradi wetu wa matangi haufiki hata theluthi ya hapo. Kwa nini basi tusiongeze jengo la vyoo, uzio, na kompyuta mbili tatu, ufike? Makofi kidogo, kicheko kikubwa. Mradi haunenepeshwi kwa ajili ya mnada. Kura zimeamua: mvua, matangi mawili ya lita 25,000 kila moja, kwa michango yetu, ya marafiki, na nguvu za wanakijiji.

Jumanne, 27 Januari

Ripoti ya kamati iliyokwenda shuleni Ijumaa. Mwalimu Mkuu alitupokea kwa chai ya rangi, ambayo tuliinywa huku tukitazamana, kwa sababu ilichemshwa kwa maji yale yale.

Paa refu la madarasa manne na ofisi lina mita 40 kwa 8, yaani mita za mraba 320. Hesabu ya mvua ni rahisi mno hadi watu hawaiamini: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukaruka, upepo na magata kuvuja. Mvua ya milimita 20, ile ya kukulowesha hadi soksi, inatupa lita 5,120. Matangi yote mawili yanajaa kwa milimita 200 hivi, na masika ya huku haishindwi kufika hapo.

Bati ni zuri. Fisha bodi, mbao za ukingoni mwa paa, zimeoza upande wa nyuma, na gata haliwezi kugongomewa kwenye mbao iliyooza. Hilo limeongeza gharama. Tatizo la pili ni mgrivilea mkubwa ulioinamia paa la darasa la kwanza. Kila mwenye shamba la kahawa anajua mti huu unavyomwaga majani, mwaka mzima, majani yale yaliyochanwachanwa kama ufagio, na yakikaa kwenye gata yanashonana kama mkeka. Mhandisi wetu akasema ukatwe. Mwalimu Mkuu akajibu kwa upole, "Mzee, chini ya mti huu ndipo wazazi wanapokaa siku ya kikao. Ukiukata, utakuja kuwaeleza wewe." Tumekubaliana kupunguza matawi ya upande wa paa tu.

Jumanne, 3 Februari

Kikao kifupi. Mzee wa gereji ametoka hospitalini, anatembea kwa fimbo na tayari analalamika kuhusu chakula, dalili ya kupona. Mwanachama wetu wa benki amehamishiwa Dodoma. Tutamuaga wiki ijayo. Hongera kwa dada yetu wa duka la vifaa, amepata mjukuu wa kike. Amelipa shilingi ya furaha, mchango wa mwenye habari njema, bila kuombwa, na ametupa saruji kwa bei ya kununulia.

Jumanne, 10 Februari

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ulifanyika Jumamosi na watu walijitokeza kuliko tulivyotarajia. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza kanisani na msikitini, na wazee walileta vijana wao. Mawe ya msingi yamebebwa yote kutoka korongoni. Klabu ya vijana ya Rotaract ilileta watu kumi na kitu, wengi wao wakiwa na glavu mpya kabisa na simu zenye chaji kamili, lakini walifanya kazi, siwezi kuwanyima sifa.

Lori la mchanga ndilo lililotuchelewesha. Fundi mkuu, mzee ambaye kila mtu pale anamwita Babu, aliuangalia tu na kukunja uso. Akaomba chupa ya maji ya kunywa iliyo tupu. Akajaza mchanga hadi katikati, akaongeza maji na chumvi kidogo, akaitikisa kama mama anavyotikisa kibuyu cha maziwa, akaiweka juu ya dirisha la ofisi na kusema tuonane kesho. Asubuhi mchanga ulikuwa umetulia chini, na juu yake kuna tabaka la tope laini lenye unene wa vidole viwili. Mchanga wenye tope kiasi hicho hushikana na saruji vibaya, na kuta za tangi letu ni nyembamba, sentimita chache tu. Ufa wa nywele unatosha kulimaliza. Aliyetuuzia alibisha kwamba mchanga ni mchanga. Babu akamwonyesha chupa. Lori limerudi, limekuja lingine, na chupa ya pili ilitoa tabaka jembamba la kuridhisha.

Ndugu yetu wa benki tumemuaga. Ametuachia koti lake la mvua.

Jumanne, 17 Februari

Kesho ni Jumatano ya Majivu, na Ramadhani inaanza wiki hii hii, mwezi ukiandama. Kwa hiyo karibu klabu nzima inafunga kwa namna moja au nyingine. Tumekubaliana vikao vya mwezi huu vianze baada ya magharibi, tufuturu kwanza pamoja, ndipo kengele igongwe. Wasiofunga wameahidi kutokula keki mbele ya wenzao. Sajenti ametangaza faini maradufu kwa atakayesahau.

Shuleni, zege la sakafu za matangi yote mawili limemwagwa. Linafunikwa kwa magunia na kumwagiliwa asubuhi na jioni. Kazi hiyo wamepewa darasa la sita kwa zamu.

Jumanne, 24 Februari

Jana, 23 Februari, Rotary imetimiza miaka mingine tangu wakili Paul Harris na wenzake watatu wakutane Chicago mwaka 1905. Kwa desturi tungekata keki. Badala yake, baada ya futari, tulimpa nafasi ya kuzungumza mwanachama wetu daktari wa meno mstaafu, mama anayezungumza taratibu na ambaye hukaa kiti cha nyuma kabisa. Nilidhani atatupongeza.

Alianza kwa kuuliza: "Watoto wa shule ile ya msingi wanaanza na umri gani?" Mtu akajibu, awali miaka mitano, darasa la kwanza sita. Akatikisa kichwa. "Jino la mbele la kudumu linaanza kutengenezwa mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Floraidi inaliharibu likiwa ndani ya fizi, hasa katika ile miaka mitatu ya mwanzo. Likiota akiwa na miaka sita au saba, doa limeshaandikwa. Hakuna maji yatakayolifuta."

Kimya kikatanda. Akaendelea. Wanafunzi watafaidika, alisema, mifupa yao bado inakua na magego ya nyuma yanaendelea kutengenezwa hadi karibu miaka minane, kwa hiyo awali na darasa la kwanza wana cha kupata. Lakini yale meno ambayo msichana wa darasa la sita anayaficha kwa kiganja anapocheka yaliharibika kabla hajaijua shule. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji ya bomba. Hatari inaanza pale mtoto anapoanzishiwa uji. Na uji unafuatwa na vyakula laini, na maharage na makande ya huku hulainishwa kwa magadi, ambayo nayo yana floraidi ya kutosha.

Mweka hazina akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: "Kwa hiyo Daktari, tangi tunalijenga mahali pasipo penyewe?"

"Mnalijenga mahali ambapo paa lipo," alijibu. "Swali ni nani atakinga dumu lake."

Nimeandika sentensi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi.

Jumanne, 3 Machi

Machi ni mwezi wa maji na usafi katika kalenda ya Rotary, na klabu nyingine zinapanga matembezi na fulana. Sisi tumekuwa na ugomvi wa kistaarabu.

Pendekezo: akina mama wenye watoto wa chini ya miaka mitatu katika kitongoji kile wapewe dumu moja la lita 10 la maji ya mvua kila wiki, kwa ajili ya uji na maji ya kunywa ya mtoto tu. Waliopinga hawakuwa watu wabaya. Walisema maji ya shule ni ya shule, ukifungua lango kwa dumu moja kesho yatakuja madumu ya kufulia, na kiangazi kikifika wanafunzi watakuta tangi likilia. Rais mstaafu mmoja alikumbusha tangi la klabu jirani lililokauka kwa sababu ya wema usio na ratiba.

Kila kikao chetu hukariri yale maswali manne ya maadili aliyoyatunga Mrotary Herbert Taylor mwaka 1932. Mara nyingi tunayakariri kama watoto wanavyokariri jedwali la mara tano. Safari hii mtu alisimama kwenye la pili, kama ni haki kwa wote wanaohusika, akauliza kama mtoto asiye na sare anahusika au hahusiki.

Mhandisi akatoa kalamu. Kiangazi ni kuanzia Juni hadi vuli ianze mwishoni mwa Oktoba. Ukiondoa likizo, siku za shule ni kama 85. Wanafunzi ni 410, lita moja kwa kila mmoja kwa siku ya kunywa na ya uji: lita 34,850. Watoto wachanga kwa orodha ya mhudumu wa afya wa kijiji hawazidi 60. Lita 10 kwa wiki kwa wiki 22 ni lita 13,200. Jumla 48,050. Matangi ni 50,000.

Inatosha, ila bila mzaha hata kidogo. Hakuna kufulia, hakuna kuosha gari la mgeni rasmi, hakuna koki inayodondoka usiku. Maji ya bomba yataendelea kwa vyoo, usafi na bustani. Kura: walioafiki wengi, waliopinga wanne, na wanne hao wamepewa usimamizi wa ratiba. Wazo la Rais hilo, na nalisifu. Mlinzi mzuri ni yule asiyeamini.

Jumanne, 10 Machi

Kuta zimepanda, na hii ndiyo sehemu ya kazi niliyokaa kuitazama hadi nikachelewa futari.

Tangi la aina hii halijengwi kwa matofali. Babu alisimamisha wavu wa chuma kuzunguka sakafu, ukawa kama kizimba kirefu cha kuku chenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2. Juu yake akazungusha waya wa kuku, kisha magunia yaliyoshonwa pamoja yakafungwa kwa nje yakavutwa kwa kamba hadi yakakaza. Saidia fundi wawili wakaingia ndani kwa ngazi. Lipu inarushwa kutoka ndani kwenye gunia, ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga, maji kidogo kuliko mtu asiyejua angeweka. Babu anaupokea mchanganyiko kiganjani, anaufinya. Ukichuruzika anarudisha, ukivunjika anarudisha. Kesho yake magunia yanavuliwa na kuta zinapigwa lipu ya nje. Mwisho ndani panapigwa niru, saruji tupu iliyokorogwa na maji, inasuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi inang'aa.

Nilimuuliza kwa nini hapumziki kati ya tabaka na tabaka. Akasema, bila kugeuka, "Katibu, ukuta huu hautaki kiungo. Palipolala mtu ndipo patakapovuja."

Matangi yanafunikwa kwa turubai na kumwagiliwa wiki tatu. Sentimita chache za maji zimewekwa sakafuni ili ndani pasikauke haraka.

Jumanne, 17 Machi

Mahudhurio hafifu, kumi la mwisho la Ramadhani, na pia mvua imetupiga jioni hii kabla ya wakati. Babu amepiga simu kuuliza kama tumeona. Tumeona. Magata bado yako dukani.

Jumanne, 24 Machi

Idd Mubarak kwa ndugu zetu. Pilau ya Jumamosi nyumbani kwa katibu msaidizi ilihudhuriwa vizuri kuliko kikao chochote cha mwaka huu, na sajenti amependekeza vikao vihamie huko.

Siku ya Maji Duniani, 22 Machi, ilipita tukiwa juu ya ngazi. Fisha bodi mpya zimegongomewa pande zote mbili. Magata yamefungwa yakiwa yameinuka katikati ya jengo na kushuka kuelekea tangi la kila upande, sentimita moja kwa kila mita mbili, yamepimwa kwa bomba jembamba la plastiki lenye maji badala ya macho. Mgrivilea umepunguzwa.

Kabla ya kila tangi limewekwa bomba la kusimama lenye kifuniko cha kufungua chini. Mvua ya kwanza baada ya jua huosha paa: vumbi, majani, kinyesi cha kunguru. Maji hayo machafu yanajaza bomba hilo kwanza, na likishajaa ndipo yanayofuata yanapita kwenda tangini. Baada ya mvua mtu anafungua kifuniko, analimwaga, analifunga. Ni kazi ya nusu dakika. Mabomba kama haya nimeyaona shule nyingi yakiwa yamejaa tope gumu kwa sababu hiyo nusu dakika haikuwa ya mtu yeyote. Hapa ni ya kiranja wa mazingira, jina lake limebandikwa ofisini, na likizo inapofika ni ya mlinzi wa shule, ambaye klabu inamlipa posho kidogo.

Jumanne, 7 Aprili

Pasaka imepita salama. Tumempokea mwanachama mpya, mama muuguzi wa zahanati, amevishwa pini na mwenzake aliyemleta. Amejitolea papo hapo kusimamia orodha ya watoto wachanga, na bila shaka ndiyo sababu aliletwa.

Masika imeingia. Mlinzi amepiga simu Jumapili usiku akisema tangi la mashariki lina maji ya kufika kiunoni. La magharibi lilikuwa na unyevu chini ya koki. Babu alikuja Jumatatu, akagundua uzi wa koki haukuzungushiwa utepe vya kutosha, akarekebisha. Hakulipisha.

Jumanne, 21 Aprili

Makabidhiano yalifanyika Ijumaa. Diwani alikuwepo, kamati ya shule, wazee pamoja na mshili, yaani kiongozi, wa ukoo mmoja, na mvua, ambayo ilianza katikati ya hotuba na kuipunguza kwa kiasi cha kupendeza. Watu walikimbilia barazani na kubaki wanasikiliza maji yakiingia tangini. Hiyo ilieleza mradi kuliko risala yangu.

Kulikuwa na suala la bango. Kamati ya picha ilitaka gurudumu la Rotary lichorwe kubwa ukutani pamoja na majina ya waliochangia. Limechorwa gurudumu la ukubwa wa sahani. Sehemu iliyobaki ya ukuta imepigwa mistari ya vipimo upande wa bomba la kuonyeshea maji, na pembeni ya kila mstari imeandikwa tarehe: 1 Julai maji yasiwe chini ya hapa, 1 Agosti hapa, 1 Septemba hapa. Yakishuka chini ya mstari, kamati ya shule inakutana siku hiyo hiyo. Hilo wamelibuni wale wanne waliopinga.

Jumanne, 5 Mei

Siku ya kwanza ya madumu ilikuwa Alhamisi, siku ya kliniki, ili akina mama wasitembee mara mbili. Walikuja 38. Mama muuguzi aliwaeleza kwa Kimeru na Kiswahili: maji haya ni ya mtoto, uji na kunywa, yachemshwe kwa usafi kama kawaida, na magadi yasiguse chungu cha mtoto. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu alisema makande bila magadi yanamaliza kuni. Ni kweli, na hatukuwa na jibu zuri. Mama muuguzi alimshauri aloweke mahindi na maharage usiku kucha, bibi akasema atajaribu, kwa sauti ya mtu ambaye hatajaribu. Tumeliingiza kwenye ajenda.

Baba mmoja alikuja na dumu la lita 20. Amejaziwa nusu.

Kwa sasa matangi yanafurika kila mvua ikinyesha, kwa hiyo kugawa hakuumi. Mtihani ni Agosti.

Jumanne, 12 Mei

Hesabu zimesomwa na kupitishwa. Kuna salio dogo, na mapendekezo mawili: kununua kipimo cha floraidi cha mkononi, au kuanza kuchangia tangi la tatu kwenye paa la zahanati, ambako akina mama wenyewe wanakwenda. Mwanachama wa kisima ameuliza tena kuhusu kisima. Daktari wetu wa meno, ambaye sasa amesogea viti viwili mbele, anaunga mkono zahanati. Uamuzi utatolewa kabla uongozi mpya haujaapishwa Julai mosi.

Mzee wa gereji ametupa fimbo. Faini za leo zimezidi kawaida kwa sababu sajenti alikuwa na homa na mbadala wake ana kinyongo.

Jumanne ijayo hatukutani ukumbini. Tunakutana shuleni saa tisa alasiri kusafisha magata kabla masika haijaisha. Kila mtu aje na ndoo na viatu vya kushika ngazi. Wenye magari wapitie Usa River kuwachukua Rotaract, wanasubiri pale stendi.